Mjomba ameacha kumeza dawa za jioni

Shikamoo Bi Mshauri,

Nakuandikia kutoka Muheza, mkoani Tanga. Nina miaka 36, nimeolewa na nina watoto watatu. Mjomba wangu ndiye aliyenilea tangu baba alipofariki nikiwa darasa la tatu. Sasa ana miaka 63. Ni seremala, na ukiingia nyumba nyingi za mtaa wetu utalalia kitanda alichokitengeneza yeye.

Mwaka 2021 alianza kuvimba. Asubuhi uso umejaa, jioni miguu. Presha alikuwa nayo siku nyingi, dawa akimeza siku anazokumbuka. Wengine wakasema safura, wengine wakasema karogwa, na sisi tukahangaika huku na huku hadi siku alipoanza kutapika kila anachokula na kushindwa kulala chali kwa kukosa pumzi. Ndipo tukampeleka Tanga mjini, na kutoka hapo Dar es Salaam. Tukaambiwa figo zote mbili zimekwisha.

Alisafishwa damu karibu miaka miwili, mara tatu kwa wiki. Tulimpangia chumba Dar, tukawa tunapokezana kwenda kukaa naye. Mashine yake ya kuranda mbao iliuzwa, kisha likafuata shamba la michungwa. Watoto wake wawili walipimwa ili wamtolee figo. Mmoja alikutwa na kisukari yeye mwenyewe bila kujua, wa pili damu haikuoana. Mama yangu ana presha, akakataliwa. Mama mdogo, ambaye ndiye kitinda mimba wao na hukaanga samaki wa kuuza, alikuwa na miaka 44. Akasema, "Mnahangaika nini, na mimi nipo?" Baba mdogo alikubali kwa shingo upande.

Upasuaji ulifanyika miezi kumi na minne iliyopita na ulikwenda salama. Mjomba alipoona mkojo unaingia kwenye mfuko pale kitandani alilia, maana alikuwa hajakojoa kwa zaidi ya mwaka. Aliporudi Muheza tulimsomea maulidi. Kliniki alikuwa anakwenda vizuri, na kipimo chake cha mwisho cha kreatinini, ule uchafu wa damu unaopanda figo zikishindwa kazi, kilikuwa 118, daktari akafurahi.

Mambo yaliharibika kwenye msiba wa jirani. Wanaume walikuwa barazani, kukatokea mabishano madogo tu kuhusu mchango, baba mdogo akamwambia mjomba mbele ya watu: "Wewe unatembea na figo ya mke wangu, na mke wangu siku hizi hata ndoo ya maji inamshinda." Mjomba hakujibu. Tangu siku hiyo hakanyagi kwa mama mdogo, na mama mdogo akija kumtazama, anajifanya amelala. Baba mdogo naye ametuma mtu kudai kiwanja cha mjomba kilicho karibu na barabara, anasema ni shukrani tu. Tena mtu mmoja alimwuliza mjomba baada ya swala ya Ijumaa, siku ya kufufuliwa itakuwaje na kiungo cha mtu mwingine tumboni. Ameliwaza neno hilo mpaka amekonda.

Sasa kubwa. Wiki iliyopita nilikuwa nasafisha chumba chake, nikakuta chini ya godoro mfuko wa nailoni umejaa vidonge. Dawa za mwezi tulinunua tarehe 2, nami nilikuwa nimezikuta tarehe 27, na karibu nusu ilikuwepo. Nilipomwuliza akasema kwa upole kabisa: "Mwanangu, za asubuhi nameza. Za jioni naziweka akiba, ili mwezi ujao msinunue." Tunachangishana watu sita, shilingi 60,000 kila mmoja, na kumbe alimsikia mke wa kaka yangu akilalamika kuwa ada ya shule inaliwa na dawa. Kliniki ya mwezi uliopita alituambia amekwenda, kumbe aliishia stendi. Badala yake anakunywa unga wa mizizi alioletewa na jirani, eti unasafisha figo. Ameniapisha nisimwambie mtu.

Naomba unisaidie. Nimtunzie siri yake? Ni kweli mama mdogo ameharibika mwili kwa ajili yetu? Na kiwanja, apewe ili yaishe?

Mpwa wake, Muheza

*

Marahaba mwanangu.

Sehemu ya dawa nilikutumia siku ileile barua yako iliponifikia, nawe umenijulisha kuwa mmepanga kwenda kliniki Jumatatu. Naiweka tena hapa kwa ajili ya wasomaji wengine wenye mgonjwa wa namna hii nyumbani, maana hadithi ya vidonge chini ya godoro si ya mjomba wako peke yake.

Figo ya mama mdogo, ingawa ni ya damu yake, kwa mwili wa mjomba ni mgeni. Mwili una walinzi wake, na kazi yao ni kumshambulia mgeni yeyote. Dawa anazomeza kila siku, zile takrolimasi, mikofenoleti na predinisoloni ambazo wagonjwa wengi hupewa, kazi yake ni kuwatuliza walinzi hao. Haziwaui wala haziwasahaulishi. Dawa ikipungua kwenye damu wanaamka. Ndiyo maana hupangiwa saa moja asubuhi na saa moja jioni, kwa sababu ya asubuhi haina nguvu ya kufika kesho yake. Mjomba amekuwa akiiacha figo bila ulinzi usiku kucha, usiku baada ya usiku.

Jambo linalonitia hofu zaidi ni kwamba figo inaweza kuanza kukataliwa na mwili bila mgonjwa kuumwa mahali popote. Atakula, atasali, atacheka na wajukuu, na huku kreatinini inapanda. Kuvimba, mkojo kupungua, presha kupanda, homa, au maumivu pale chini ya tumbo figo mpya ilipowekwa, hayo mara nyingi huja wakati mengi yameshaharibika. Akiwa nayo hata moja kabla ya Jumatatu, msingoje Jumatatu.

Msimpe vile vidonge vya akiba kwa pamoja ili kufidia. Pigeni simu kliniki leo, waelezeni hali ilivyo, wao waseme ameze vipi hadi mtakapofika. Siku ya kwenda, dawa ya asubuhi mwichukue mkononi na aimeze baada ya kutolewa damu, kwani kipimo cha kiwango cha dawa husomwa kabla ya dozi. Bebeni mfuko wa nailoni wote kama ulivyo. Bebeni na ule unga.

Na daktari aambiwe ukweli. Hili nalisisitiza kwa sababu najua aibu ya wazee wetu. Daktari akiona dawa kwenye damu iko chini na mgonjwa akamwambia "nameza zote", ataongeza dozi. Mjomba akija kuanza kumeza sawasawa, dawa itazidi, na takrolimasi ikizidi yenyewe huumiza figo.

Unga wa mizizi uachwe leo. Simsemi jirani vibaya, ameleta kwa mapenzi. Ila kuna mimea inayojulikana kuua figo nzima kabisa, kuna mingine inayopunguza nguvu ya dawa za hospitali, na hakuna mtu atakayekwambia ndani ya pakiti ile mmesagwa nini. Na kwa kuwa uko Muheza, nikuonye na hili: chungwa halina neno, lakini balungi na danzi asiguse. Yana kitu kinachoifanya dawa ijazane kwenye damu. Vilevile asinunue diklofenaki wala ibuprofeni dukani kwa maumivu ya mgongo. Kila mhudumu wa dawa atakayemwuzia chochote aambiwe kwanza kuwa huyu amepandikizwa figo.

Sasa siri. Mwanangu, ulipoapa hukujua unaapia nini. Hata hivyo usiende kumsemea nyuma ya mgongo wake, maana hapo mtampoteza kwa namna nyingine. Rudi kwake ukae chini, umwambie: "Mjomba, neno hili siwezi kulibeba. Lisemee mwenyewe kwa daktari, mimi nitakuwa pembeni yako." Kama kiapo kinakusumbua moyo, dini imeacha mlango: kafara yake ni kulisha maskini kumi. Lisha, kisha umsindikize.

Nilimwuguza dada yangu mkubwa aliyekuwa akisafishwa damu. Ninakijua kile kiti. Kwa muda wa saa nne umelala unaitazama damu yako ikitoka na kurudi, kisha unarudi nyumbani huna nguvu hata ya kuvua viatu, na kesho kutwa unakwenda tena. Maji ya kunywa unapimiwa kwa kikombe. Dada hakupata wa kumpa figo. Mimi nilikuwa na kisukari, wadogo zetu waliogopa. Kwa hiyo nikisoma kwamba mjomba wako alitoka kwenye kile kiti na sasa anakirudia kwa miguu yake mwenyewe, taratibu, kwa sababu ya shilingi 60,000 na maneno ya barazani, nashindwa kukuandikia kwa utulivu ninaoutaka.

Anachofanya siyo ukaidi. Ni mtu aliyezoea kutoa. Alikulea, amewalaza nusu ya mtaa kwenye vitanda vyake, leo anachangiwa kama harambee, na mashine yake imeuzwa. Anaona njia pekee aliyobaki nayo ya kutoa ni kujinyima. Mkimkemea mtamthibitishia kwamba ni mzigo. Mpigieni hesabu badala yake. Figo hii ikifa atarudi kwenye mashine mara tatu kwa wiki, chumba kitapangwa upya Dar, na ninyi mtarudi kupokezana. Hakuna akiba ya vidonge inayofikia gharama hiyo. Mwambieni hivyo kwa hesabu za fundi, yeye anazielewa.

Kisha mwulizeni daktari kama anaweza kurudi kazini. Wengi waliopandikizwa hufanya kazi zao. Vumbi la mbao na ukungu si salama kwa mtu ambaye walinzi wake wametulizwa, basi avae barakoa, akae kwenye hewa, mbao nzito na kuranda waachiwe vijana. Hata akipiga msasa na kufundisha wanafunzi wawili, atapata kitu. Awe mchangiaji wa saba kwenye mfuko wa dawa yake. Usilione dogo hilo. Mtu anayenunua sehemu ya dawa yake mwenyewe ni vigumu kuificha chini ya godoro.

Mchango wenyewe uwe na siku moja ya mwezi, ukusanywe na mtu mmoja, usijadiliwe mahali anapoweza kusikia. Na mke wa kaka yako asichukuliwe kuwa mbaya. Ada ni ada. Kama 60,000 inawazidi, semeni, atoe 40,000 na mwingine aongeze. Hospitali ina ofisa ustawi wa jamii, mumwone Jumatatu hiyohiyo mumweleze hali ya kipato chenu, na mwulize kuhusu bima. Msije tu mkabadilisha aina ya dawa kwa kuwa duka fulani wana ya bei nafuu. Daktari akiibadilisha yeye, atapima damu tena. Ninyi mkibadilisha, nani atapima?

Nije kwa mama mdogo, ambaye katika barua yako yote hakuna mahali amesema neno tangu ile siku aliyosema "na mimi nipo". Huyo ananisumbua sana.

Mtu mwenye figo moja nzima anaishi. Figo inayobaki hukua na kubeba sehemu kubwa ya kazi ya mwenzake. Upandikizaji wa kwanza uliofanikiwa duniani ulifanyika Boston, Marekani, Desemba 1954, pacha akimpa pacha mwenzake. Aliyetoa, Ronald Herrick, aliishi miaka 56 baada ya siku ile. Hapa kwetu Muhimbili ilianza Novemba 2017 na Hospitali ya Benjamin Mkapa pale Dodoma ikafuata mwaka 2018. Kabla ya hapo wagonjwa wetu walikuwa wakipelekwa India. Mtoaji hupimwa kwa ukali, ndiyo maana watoto wa mjomba na mama yako walirudishwa. Kuinua vitu vizito mtoaji huzuiliwa kwa wiki kadhaa tu hadi kidonda kikomae. Kwa hiyo kama miezi kumi na minne baadaye ndoo ya maji bado inamshinda, sikubali kuambiwa "ni ile figo" na jambo likaishia hapo. Inaweza kuwa damu imepungua, inaweza kuwa presha, inaweza kuwa kazi ya kusimama jikoni tangu alfajiri, inaweza kuwa huzuni. Mtoaji anatakiwa kupimwa walau kila mwaka: presha, mkojo, kreatinini. Je, kuna aliyempeleka? Familia nyingi humsindikiza aliyepokea, aliyetoa anarudi kukaanga samaki.

Na hapa nitasema neno ambalo huenda usilipende. Baba mdogo alikosea, tena vibaya, kumdhalilisha mgonjwa mbele ya watu. Lakini nyumba yake ilipata hasara ya kweli. Mkewe alikaa wiki ngapi bila kuuza? Nauli za vipimo alilipa nani? Watoto walikula nini? Naona hesabu hiyo haikupigwa na mtu yeyote, nayo imekaa kifuani mwake mwaka mzima hadi ikatoka kama tusi.

Kiwanja asipewe. Figo haiuzwi, wala kwa jina la shukrani. Kiwanja kikitoka leo, baada ya miaka kumi watoto wa pande zote mbili watasimuliana kwamba mjomba alinunua figo kwa kiwanja, na zawadi ya mama mdogo itakuwa imefutwa na mume wake mwenyewe. Lakini kufidia hasara ni jambo lingine kabisa. Mwaka 2010 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani uliridhia kanuni za upandikizaji zinazokataza kununua na kuuza viungo, na kanuni hizohizo zinaruhusu mtoaji arudishiwe gharama na kipato alichopoteza. Mama yako, kwa kuwa ni dada mkubwa, aende kwa shemeji yake na daftari. Wahesabu siku ambazo biashara ililala, nauli, chakula. Mlipeni kidogokidogo. Mkimaliza hilo, mama yako atakuwa na uso wa kumwambia: sasa nenda kamwombe mgonjwa radhi kwa ulichosema barazani.

Kuhusu siku ya kufufuliwa: Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, lilipokutana Jeddah mwaka 1988, liliruhusu kuhamisha kiungo kutoka kwa mtu kwenda kwa mtu ili kuokoa maisha, kwa masharti, mojawapo likiwa mtoaji asidhurike vikubwa na kiungo kisiuzwe. Mtafute sheikh anayelijua suala hili, aje amkalie mjomba nyumbani. Swali la hofu ya namna hii halijibiwi na mpwa wake, wala na mimi.

Limebaki la mwisho, nalo ni gumu. Mama mdogo aambiwe habari ya vidonge, na aambiwe na mjomba mwenyewe, baada ya kliniki. Najua ataumia. Lakini fikiria figo ikifa na yeye akagundua baadaye kwamba ilikuwa inaachwa kila jioni ili isimgharimu mtu, wakati yeye alipasuliwa kwa ajili yake. Hilo hatalimeza. Mjomba anamkwepa kwa kudhani anadaiwa. Mama mdogo naye, kila akimkuta "amelala", anaondoka akidhani nini? Kwamba amechukiwa? Yeye ndiye mtu pekee katika ukoo mzima anayeweza kumwambia "kaka, meza ya jioni" na mjomba asipate pa kukimbilia. Wapeni nusu saa wawili peke yao, wengine mtoke nje.

Jumatatu mchukueni na yeye, apimwe safari hiyohiyo. Majibu ya kreatinini yakitoka, ya mjomba na ya mama mdogo, niandikie zote mbili. Nitakuwa naisubiri ya mjomba kwa sababu naijua ile 118, lakini ya mama mdogo naisubiri zaidi.